Mti Uliobaki wa Bunduki ya Koko

Tunaposema juu ya mila za wazee wetu, watu wengi wanafikiri kwanza ngoma, mahari, matanga na majina ya watoto. Ni kweli, hayo yote ni mila. Lakini iko mila nyingine isiyokuwa na sherehe wala hotuba, nayo ni namna wazee walivyotunza vyombo vyao vya mti. Mpini wa jembe, fimbo ya kutembelea, mkuki, kiti cha mkubwa wa nyumba: kila kimoja kilisuguliwa, kilipakwa mafuta, na siku mwenyewe alipofariki kilikabidhiwa mtu mbele ya watu. Sisi tunaoandika kurasa hizi tulijifunza mila hiyo tukiwa tumekwisha kuchelewa, tena kwa kitu ambacho hakikutoka kwa mafundi wa kwetu. Ni mti wa bunduki ya kiaskari.

Tueleze mapema ili msomaji asishituke. Hatusemi bunduki. Tunasema mti wa bunduki, maana yake kitako, shingo, na ule ubao mrefu ambao mtutu hulala juu yake. Chuma hakimo, na nyumbani kwetu hakikuingia hata siku moja. Sheria ya mwaka 1985 juu ya silaha inajulikana, na silaha ya vita haina kazi katika nyumba ya raia. Huu ni mti, unapita kidogo metre moja, na una ufa shingoni uliofungwa kwa waya wa shaba.

Koko wetu, baba ya baba, alizaliwa upande wa Walungu. Aliingia katika Force Publique akiwa kijana, wakati mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Costermansville. Mwaka 1941 alikuwa kati ya askari wa Kongo waliopelekwa Abisinia kupigana na Waitalia. Walipita Sudani, wakaingia Ethiopia kwa upande wa magharibi, wakapigana Asosa, Gambela, na mwisho Saïo. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique.

Jina hilo la Saïo kila mtu wa Bukavu analo mdomoni, kwa sababu ya Kambi Saïo. Siku moja tuliuliza darasani: Saïo ni nini? Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba ni Mbelgiji wa zamani. Mwingine akasema ni jina la mwami. Hakuna aliyejua kwamba ni mji mdogo wa Ethiopia, unaoitwa leo Dembidolo, ambako vijana wa kwetu walifika kwa miguu na kwa malori, wakaona njaa, beriberi na kuhara damu zaidi ya vile walivyoona risasi. Tunapita mbele ya jina hilo kila siku na hatulisomi.

Bunduki aliyobeba koko ilikuwa Mauser ya Kibelgiji, modeli ya 1889. Kiwanda cha Fabrique Nationale, kule Herstal karibu na Liège, kiliundwa mwaka huo wa 1889 juu ya kazi hiyo hasa: serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeagiza bunduki 150,000 za namna hiyo. Mti wake ni mjozi, ambao kwa Kifaransa unaitwa noyer, mti wa Ulaya wenye nyuzi nzito na rangi ya kahawa. Kisha vita, koko aliwekwa katika depo ya silaha ya kambi. Siku moja ile bunduki yake ya zamani ililetwa hapo, shingo imepasuka. Fundi wa silaha akaivua mti, akavika chuma mti mwingine, na ule wa zamani ukatupwa kwa kuni. Koko aliitambua namba iliyogongwa ubavuni. Akauomba, akapewa. Alifunga ufa kwa waya wa shaba, akauweka juu ya mlango wake mpaka kufa kwake, mwaka 1991. Sisi tulikuwa na miaka kumi na miwili.

Chini ya kitako, upande usioonekana, kuna mistari tisa iliyokatwa kwa kisu. Tukiwa watoto, shangazi yetu mkubwa alitwambia: "Ile alama, kila moja ni mutu alimuua. Ukigusa, atakuyia usiku." Hatukugusa. Wala hatukuthubutu kumuuliza koko mwenyewe.

Baba yetu aliurithi, akauweka juu ya kabati. Alipofariki mwaka 2017, jamaa walikutana kumaliza matanga, vitu vikagawanywa. Fimbo ilikwenda kwa kaka, saa kwa mdogo wetu. Mti wa bunduki ulipotajwa, kukawa kimya. Shangazi akasema uchomwe hapo hapo. Alisema nyumba yetu iliona vita vya 1996, vya 1998 na siku zile za 2004, kwa hiyo hatuna haja ya kulala na bunduki, hata ikiwa kipofu. Wengine wakasema ni mali ya ukoo. Mwishoni walitupa sisi, kwa sababu mwalimu, kwa mawazo yao, ni mtu anayeweza kukaa na vitu visivyokuwa na faida.

Kwa kweli mti ulikuwa katika hali mbaya. Mpwa wetu mmoja, akitaka kusaidia, alikuwa ameupaka mafuta ya mawese. Kwa siku mbili uliwaka kama kiatu cha bwana arusi. Kisha ukaanza kunata, ukakamata vumbi, ukanuka, na mende wakaanza kuutembelea. Sisi tunaofundisha kemia tulijua sababu, lakini tulikuwa hatujawahi kuiona mkononi. Mafuta ya kitani, yale yanayouzwa madukani kwa jina la Kifaransa huile de lin, yanavuta oksijeni ya hewa, chembe zake zinashikana, yanakuwa ngozi ngumu ndani ya mti. Mawese hayafanyi vile. Nusu hivi ya asidi zake za mafuta zimekwisha kushiba, hazina pa kushikana na nyingine. Yanabaki mafuta tu, na yanaoza. Mawese ni ya sombe, si ya mti.

Vakansi ya mwaka 2018, mwezi wa saba, tuliupeleka kwa fundi mmoja wa mbao huko Kadutu. Tulifikiri kazi ni ya nusu siku: kupitisha msasa, kupaka verni, kwisha. Mzee huyo aliugeuza mara tatu, akaunusa.

"Mwalimu, usilete verni hapa. Huu muti ulikunywa mafuta ya bunduki tangu zamani. Verni itakaa wiki mbili, kiisha itabanduka sawa ngozi ya nyoka."

Tukamuuliza basi kama angeweza kupitisha randa, apate mti safi.

"Naweza. Utapata muti mupya. Lakini ule wa koko yako utakuwa hapa chini, na jioni tutaufagia."

Neno hilo lilitusimamisha. Tukarudi nao nyumbani, na kazi ya nusu siku ikawa ya wiki saba. Alikuwa akituelekeza, nasi tunafanya. Tunaieleza hapa hatua kwa hatua, kwa sababu inafaa kwa chombo chochote cha mti cha zamani, hata kama hakikuona vita.

Kwanza ni kutoa mafuta mabaya. Tuliponda chaki ya shule ikawa unga, tukaichanganya na alkoli ya kuchoma mpaka ikawa kama ugali mwepesi, tukaupaka mti mzima, tukauweka juani, mbali na moto. Alkoli inayeyusha mafuta, chaki inayanywa. Unga mweupe uligeuka rangi ya kahawa. Tulibandua, tukapaka tena. Mara ya sita ndipo ulipobaki karibu mweupe. Watoto wa nyumbani walicheka kwamba mwalimu sasa anaandika juu ya kuni.

Pili ni mabonde. Mti ulikuwa na mabonde mengi, ya kugongwa kwa malori, kwa mawe, kwa bunduki nyingine. Fundi alitufundisha kulowesha kitambaa, kukilaza juu ya bonde, na kupitisha pasi ya makaa. Mvuke unaingia katika nyuzi zilizobonyezwa, zinavimba, zinarudi mahali pao. Tuliona kwa macho bonde la kina cha punje ya mchele likipanda pole pole mpaka likasawazika. Tukafurahi, tukataka kufanya hivyo kwa mistari tisa pia. Fundi akatikisa kichwa. Palipobonyezwa panainuka, akasema, palipokatwa hapainuki, maana uzi wenyewe haupo tena. Tulijaribu hata hivyo, mara mbili. Mistari ikabaki.

Tatu ni ufa. Kole haishiki penye mafuta, ndiyo maana ufa unangoja mpaka chaki imalize kazi. Tuliingiza kole kwa sindano ya dawa, tukaubana kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Fundi alitaka kutoa waya wa shaba, kwani sasa hauna kazi. Hapo tulikataa sisi. Ule waya ulisokotwa na vidole vya koko, na mizunguko yake si sawa sawa: pale mkono wake ulipochoka panaonekana.

Nne ni kulainisha, si kuparua. Tulipitisha karatasi ya msasa iliyo laini kabisa, kwa kufuata nyuzi. Tukalowesha mti kidogo ili vinyweleo vyake visimame, tukavikata tena kwa msasa ule ule, mpaka maji hayakuamsha kitu. Mahali ambapo shavu la askari lilikuwa linalala hatukupagusa. Hapo mti ni mlaini kuliko kazi ya msasa wowote.

Mwisho ni mafuta ya kitani, kidogo sana, kwa kiganja cha mkono, mpaka mti upate moto wa mkono wako. Unangoja nusu saa, unafuta yote yaliyobaki juu, unauacha siku mbili tatu, unarudia. Kiangazi kinasaidia, wakati wa mvua ungekauka kwa shida. Tuliupaka mara nane. Tuonye pia wasomaji juu ya jambo moja: kitambaa kilicholowa mafuta haya kisikunjwe na kutupwa pembeni. Yakivuta oksijeni yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Sisi tulisahau kimoja ndani ya karatoni. Tulipokikumbuka usiku kilikuwa cha moto mkononi, na karatoni ilianza kunuka moshi. Tangu siku ile tunakitandaza kwanza ukutani, kikikauka ndipo kinatupwa.

Mwezi wa tisa, shule ilipofunguliwa, mti ulikuwa mzuri kupita vile tulivyowaza. Nyuzi zake zilionekana kama maji ya ziwa asubuhi, kabla ya mitumbwi. Tuliupeleka darasani siku moja, tukaeleza oksijeni, tukaeleza Saïo. Tuliwaambia pia habari za Msumbiji, ambako tangu mwaka 1995 makanisa yalikusanya silaha za vita vya kwao na kuwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani, na wasanii wakachukua vyuma hivyo kuunda sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa kwa silaha hizo na msanii Kester mwaka 2001 kiko katika British Museum, London. Wao walibaki na chuma, sisi tulibaki na mti. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, koko yenu aliua bangapi?" Tulitazama mistari tisa, tukajibu kwamba saa imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Ndivyo ulivyokaa ukutani mpaka mwaka 2025.

Katikati ya mwezi wa pili mwaka huo, siku zile M23 walipoingia Bukavu, wasomaji wa hapa hawana haja ya kusimuliwa. Waliokuwa mjini wanakumbuka maduka yaliyovunjwa na silaha zilizoachwa njiani, ambazo hata watoto wenye umri wa wanafunzi wetu waliziokota na kuzibeba begani. Kukutwa na kitu kinachofanana na bunduki lilikuwa jambo la hatari kwa yeyote, na mlango ukigongwa hakuna nafasi ya kueleza historia ya mwaka 1941. Shangazi, ambaye alikuwa anakaa kwetu kwa sababu mtaa wake haukuwa na usalama, aliinua macho ukutani.

"Mulitengeneza paka vizuri sana," akasema. "Sasa inaonekana mupya."

Hapo ndipo tulipoelewa hasara ya kazi yetu nzuri. Ule mti wa zamani, mchafu, wenye kunata, mtu angeuona akacheka. Huu uliong'aa ungemfanya aulize: chuma chake kiko wapi? Tulibishana usiku ule kwa sauti ya chini. Kuutupa ziwani? Nani atapita nao njiani? Kuuchoma? Shangazi, yeye aliyetaka uchomwe mwaka 2017, hakungoja tumalize. Aliuchukua jikoni, akakwangua masizi ya sufuria, akachanganya na majivu na maji, akaupaka kote kwa mikono miwili, kitako, shingo, waya, mpaka ukawa mweusi kama kuni iliyozimwa. Akaulaza chini ya fungu la kuni za mikaratusi, nyuma ya jiko.

Ulikaa hapo wiki nyingi. Makaa yalipanda bei, tukapika kwa kuni zile, na kila asubuhi fungu lilipungua. Kila asubuhi pia shangazi aliingia jikoni mbele ya wote, ili asije mtoto akavuta kuni isiyopaswa. Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini alilinda kwa usingizi wake kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekihukumu moto.

Tulipoutoa tuliufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Masizi yalitoka karibu yote, maana ngozi ya kitani ilikuwa imekwisha kuwa ngumu. Lakini ndani ya mistari tisa yalikataa. Pale ambapo zamani palikuwa na mikwaruzo ya kutafuta kwa kidole, sasa palikuwa na mistari tisa myeusi, imesimama kama watu kwenye foleni. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Tulikwenda kuchukua pasi na kitambaa ili tutoe uchafu huo kwa mvuke. Shangazi akatushika mkono.

"Acha. Nilibadanganya zamani. Habakuwa batu alibaua. Ni benzake. Balikuwa kumi babili kwa tente yao, balirudi batatu. Alikata moja moja kila walipozika."

Tukamuuliza kwa nini basi alitwambia vile.

"Juu ya musichezee. Mulikuwa batoto. Mutoto akichezea bunduki ya muti, kesho anatafuta ya chuma. Na yeye, akiwaona munachezea, alikuwa analia. Ninyi hamukumuona. Mimi nilimuona."

Miaka zaidi ya thelathini tulikuwa tumembeba koko wetu moyoni kama muuaji wa watu tisa, na tulimheshimu kwa hofu. Kumbe tulipaswa kumpa pole. Na jambo linalotutetemesha hata leo ni hesabu nyepesi: kama fundi wa Kadutu angekuwa mtu wa haraka, randa ingepita mara moja tu na mistari ingekwenda chini pamoja na mavumbi. Shangazi asingekuwa na kitu cha kutuonyesha, nasi tusingekuwa na kitu cha kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, wale wenye chombo cha mzee nyumbani, iwe mkuki, kiti, fimbo au ngoma, tunawashauri hivi. Ondoeni uchafu, lisheni mti, lakini msitoe alama kabla ya kujua iliandikwa na nani. Msiweke verni juu ya mafuta, wala mawese juu ya mti. Na kabla ya kununua msasa, tafuteni kwanza yule mtu mzima wa mwisho anayekijua chombo hicho, mkae naye. Mafuta yanatunza mti peke yake. Maneno yake yanahitaji kazi nyingine.

Sisi tumeanza kazi hiyo. Jioni, shangazi akiwa na nguvu, tunakaa naye na daftari ya shule. Koko alimtajia majina ya wenzake alipokuwa msichana, naye anayatafuta moja moja, akifunga macho. Mpaka sasa tumeandika manne.

Mistari mitano bado haina jina.